Projekta ya kujitengenezea kwa kioo kidogo cha LCD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Maswali haya yanatoka kwa watu wa mjini hapa, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa: wanafunzi, mafundi simu, walimu, na wazee wawili watatu waliochoka kukodi projekta kwa kila sherehe. Majibu hayalingani urefu. Wengi huangushwa na mwanga, lenzi na joto, kwa hiyo huko ndiko nimekaa zaidi.

Kwa kifupi, kitu hiki kinafanyaje kazi?

Kioo cha LCD hakina mwanga wake. Ni kama dirisha lenye vipazia vidogo sana vinavyofunguka na kufunga, na taa iko nyuma yake. Sisi tunaitoa ile taa ndogo iliyokuja nayo, tunaweka taa kali, kisha lenzi inaikusanya picha na kuitupa ukutani. Ukianzia nyuma ya boksi utakuta feni, hitisinki (chuma chenye mapezi kinachopoza taa), taa ya LED, lenzi ya Fresnel ya kwanza (lenzi bapa ya plastiki, nitaieleza mbele), kioo, Fresnel ya pili, na mwisho lenzi ya mbele.

Jambo la kushika ni hili: kioo cha rangi hupitisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga unaokigonga. Sehemu kubwa ya mwanga uliobaki hugeuka joto humo humo ndani. Karibu kila ushauri ulioko chini unatokana na hilo.

Kwa nini nisinunue tu ya dukani?

Kama shida yako ni mechi ya Simba na Yanga Jumamosi hii, nunua. Ukijumlisha vifaa, nauli ya mzigo na vitu utakavyoharibu njiani, ya kujitengenezea si lazima iwe rahisi. Ila ujue kwamba nyingi ya zile ndogo za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo, ukizifungua unakuta mambo haya haya: kioo kimoja cha LCD, LED, Fresnel na feni inayopiga kelele. Ya kwako ikizima unajua pa kuanzia kupima. Taa ikichoka unabadilisha taa, hutupi mashine nzima. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida, na asiyejali hilo namshauri aende dukani.

Nimeona video za simu ndani ya boksi la viatu na kioo cha kukuzia. Haitoshi?

Inatosha kumfurahisha mtoto kwenye chumba chenye giza totoro. Skrini ya simu hutawanya mwanga pande zote, na lenzi inaambulia kiasi kidogo tu. Kile kidogo ukikitandaza kwenye ukuta mpana, unabaki na kivuli cha picha. Hata ukiongeza mwangaza wa simu hadi mwisho, hutoki hapo.

Kioo gani kinafaa?

Cha LCD, inchi 5 hadi 7, chenye bodi yake ya kukiendesha na mlango wa HDMI au AV. Hapa Dodoma kinachopatikana kwa urahisi ni monita za gari za inchi 7, zile zinazofungwa kwenye dashibodi au nyuma ya kiti. Zinakula volti 12, zimeshaunganishwa na bodi, na nyingi zina sehemu ya kugeuza picha kushoto kulia kwa ajili ya kamera ya kurudia nyuma. Hiyo sehemu itakufaa, nitaieleza mbele. Ubaya wa nyingi ni pikseli chache: ukikaa karibu na ukuta utaona vidoti, na maandishi madogo hayasomeki. Kwa mpira na filamu hakuna atakayelalamika. Kwa kufundishia, agiza kioo cha HDMI chenye pikseli nyingi zaidi.

Kabla ya kulipa, tazama mambo mawili. Kwanza, kiwe LCD kweli, kisiwe OLED. OLED hutoa mwanga wake yenyewe kwa kila pikseli na haipitishi mwanga kutoka nyuma, hivyo hapa haina kazi. Pili, angalia mahali unapotokea waya wa fleksi, ule utepe mwembamba unaounganisha kioo na bodi. Kama bodi imejikunja nyuma ya kioo na fleksi ni fupi mno kiasi kwamba huwezi kuikunjua nje, bodi itaziba mwanga na kioo hicho hakikufai.

Vioo vya laptopu na televisheni vinafanya kazi kwa kanuni ile ile, lakini boksi lake litakuwa na ukubwa wa kabati. Tunazungumzia projekta ya kubeba kwenye begi.

Fundi, nina simu iliyovunjika kioo cha juu, LCD yake ni nzima. Je?

Hapana. Kioo cha simu kinaongea na simu yake tu. Bila bodi inayolingana nacho hutakipa picha, na kumpata mwenye bodi ya modeli hiyo ni kazi kuliko kununua kioo kingine.

Naitoaje taa ya nyuma bila kukiua kioo?

Taratibu, juu ya meza safi, mikono mikavu, feni ya dari ikiwa imezimwa. Fungua fremu ya bati kwa kucha za plastiki, usitumie bisibisi. Ndani utakuta tabaka: kioo chenyewe, halafu karatasi mbili tatu za nailoni zinazong'aa, bamba nene la plastiki lenye LED ndogo pembeni, na karatasi nyeupe ya nyuma. Hizo zote unazitoa, inabaki kioo tu. Ukikiinua dhidi ya dirisha unatakiwa uone ng'ambo, kwa ukijivu.

Kuna filamu ya plastiki iliyobandikwa moja kwa moja kwenye kioo, mbele na nyuma. Hiyo usiiguse. Ndiyo inayofanya picha ionekane, na ukiibandua unabaki na kioo cha dirisha.

Sehemu inayoua vioo vingi ni fleksi, pale inapoungana na ukingo wa kioo. Imeshikwa na gundi nyembamba kuliko unywele. Ikivutwa kidogo unapata mstari wima wa rangi kwenye picha, na mstari huo hauondoki. Kabla hujainua kitu chochote, bandika bodi na kioo kwenye kipande kimoja cha kadibodi ili visogee pamoja.

Baadhi ya bodi huzima kabisa zikigundua taa yake ya nyuma haipo. Kwa hiyo usikate waya wa LED zile ndogo kwa haraka. Washa kwanza ukiwa umeziunganisha, kisha zichomoe ujaribu. Bodi ikigoma, zirudishe, uzifunge kwa tepu nyeusi na kuziweka pembeni ya boksi.

Taa iwe wati ngapi?

Kwa inchi 5, chipu ya LED ya wati 50 inatosha chumba cha kulala. Kwa inchi 7 na sebule, wati 100. Chipu za wati 100 zinazouzwa sana zinahitaji takribani volti 30 hadi 36 na ampea 3. Usizipe umeme kutoka kwenye adapta yoyote iliyo karibu. Zinahitaji draiva inayodhibiti ampea. LED ikipata joto, inavuta umeme zaidi, inapata joto zaidi, na ikiachwa hivyo inaungua. Draiva ndiyo inayokata mzunguko huo.

Mimi napenda kuiendesha chini kidogo ya uwezo wake, wati 80 kwa chipu ya 100. Jicho halioni tofauti kubwa, lakini hitisinki inaona.

Chipu hizi hutawanya mwanga kwa upana sana. Weka juu yake kile kilenzi cha kioo cha milimita 44 kinachouzwa pamoja na ringi yake. Bila hicho unaangazia kuta za boksi.

Lenzi za Fresnel ni za nini, na kwa nini mbili?

Fresnel ni lenzi iliyopunguzwa unene, ikabaki na mifereji ya duara kwenye bamba jembamba la plastiki. Mfaransa Augustin Fresnel aliibuni miaka ya 1820 kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Ya kwanza inapokea mwanga unaotawanyika kutoka kwenye LED na kuunyoosha ili uvuke kioo ukiwa sambamba. Ya pili inaukusanya baada ya kioo na kuupeleka kwenye lenzi ya mbele. Ukiacha ya pili, katikati ya picha patakuwa na mwanga na pembeni giza.

Upande wenye mifereji uelekee kioo, kwa zote mbili. Ukigeuza, picha bado itaonekana, ila pembe zitafifia. Acha nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu kati ya kila Fresnel na kioo: hewa ipite, na mifereji isionekane ukutani.

Pa kuzipata: bamba za kukuzia maandishi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi ni Fresnel, na zinafaa kuanzia. Nzuri zaidi zimo ndani ya zile projekta za zamani za kuwekea karatasi za plastiki, ambazo vyuo vingi viliziweka stoo. Ikiuzwa moja kwenye mnada wa vifaa chakavu, ichukue hata kama imekufa, maana ina Fresnel kubwa na lenzi ya mbele humo humo. Ukiikata Fresnel ndogo zaidi, hakikisha kitovu cha miduara kinabaki katikati ya kipande chako.

Usiiache Fresnel juani hata dakika chache. Kwa jua la Dodoma inatoboa kitambaa na kuwasha majani makavu. Ihifadhi kwenye bahasha.

Lenzi ya mbele niipimeje? Hesabu zinanichanganya.

Unahitaji namba moja tu, urefu wa fokasi. Muuzaji asipoijua, ipime mwenyewe. Simama ndani ya chumba, mlango ukiwa wazi, elekeza lenzi kwenye kitu cha mbali kinachong'aa, mathalani kilima cha Mlimwa wakati wa asubuhi. Shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, uisogeze mpaka kilima kitokee kwenye karatasi kikiwa kichwa chini na kingo zake zimekaa vizuri. Pima umbali wa lenzi hadi karatasi kwa rula. Hiyo ndiyo fokasi. Usielekeze kwenye jua.

Sasa tuseme fokasi ni sentimita 25 na kioo chako ni cha inchi 7, yaani sentimita 15.5 kwa 8.7. Unataka picha kubwa mara 10, sentimita 155 kwa 87, ambayo ni inchi 70. Umbali wa lenzi hadi ukuta ni fokasi mara (ukuzaji + 1): 25 × 11 = sentimita 275. Umbali wa kioo hadi lenzi ni umbali huo gawanya kwa ukuzaji: 275 ÷ 10 = sentimita 27.5. Basi. Jenga boksi lenye lenzi inayoweza kusogea sentimita chache mbele na nyuma ya 27.5, na umemaliza hesabu.

Kama chumba chako ni cha mita mbili, tafuta lenzi yenye fokasi fupi. Kioo cha inchi 5 na lenzi ya sentimita 15 kinakupa inchi 60 kwa mita 1.95, na boksi linakuwa dogo.

Lenzi ya kamera ya zamani haifai, japo inavutia. Imetengenezwa kwa filamu ya milimita 35, haiwezi kuona kioo kizima cha inchi 5. Kioo cha kukuzia cha mkono kinafanya kazi, ila pembe za picha zitakuwa na ukungu na kingo zenye rangi. Lenzi ya vioo vitatu ndani ya ringi moja ndiyo inayostahili pesa yako.

Picha imetokea kichwa chini. Nyingine maandishi yanasomeka kinyume.

Kichwa chini ni kawaida ya lenzi. Geuza kioo juu chini ndani ya boksi. Maandishi kinyume ina maana uso wa kioo unatazama lenzi. Ama ugeuze kioo ili uso wake utazame taa, ama utumie ile sehemu ya monita ya gari ya kugeuza picha. Ukiweka kioo cha kujitazamia mbele ya lenzi ili kupinda njia ya mwanga, mambo yanageuka tena.

Kwa joto la huku na vumbi, itadumu?

Hapa ndipo miongozo ya kigeni inapotuangusha. Imeandikwa kwa vyumba vya baridi. Sisi Oktoba na Novemba mchana unapita nyuzi 30, na hewa utakayotumia kupoozea tayari ni ya moto.

Dalili ya joto kuzidi ni doa jeusi linaloanza katikati ya picha na kupanuka polepole. Si kwamba kioo kimekufa. Kimiminika cha ndani kimepoteza mpangilio wake. Zima taa kuu, acha feni iendelee, doa litatoweka. Ukiendelea kuangalia kwa sababu imebaki dakika kumi za mpira, filamu ya plastiki itaungua na kuacha alama ya njano au kahawia ya kudumu.

Gawa boksi vyumba viwili. Chumba cha nyuma ni cha LED na hitisinki yake: kipoozea prosesa cha kompyuta ya mezani, chenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 92 au 120, kinaweza wati 100 vizuri, mradi umepaka pesti ya joto chini ya chipu kwa utandu mwembamba. Hewa ya moto itoke nje moja kwa moja, isipite kwenye kioo. Chumba cha mbele ni cha kioo na Fresnel, na kina feni yake inayopuliza kwenye zile nafasi pande zote mbili za kioo.

Feni hii ya mbele iwe ya kuingiza hewa, si ya kutoa. Ikiingiza, hewa inasukuma kutoka ndani kwenda nje kwenye kila upenyo, na vumbi linabaki mlangoni. Ikitoa, boksi linavuta vumbi jekundu kupitia kila mwanya, na punje moja ikitua kwenye kioo unaiona ukutani ikiwa kubwa mara kumi. Mlango wa hewa ufunge kwa sponji nyembamba au soksi ya nailoni. Osha kila wiki kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, maana upepo wa miezi hiyo hauna adabu.

Ongeza swichi ya joto ya nyuzi 70 kwenye hitisinki, ikate umeme wa LED feni ikisimama. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na sijui kwa nini watu wengi wanakiruka.

Umeme ukikatika, au kijijini kwenye sola?

Inawezekana kabisa, na ndiyo sababu napenda monita za volti 12. Kioo na feni vinakula betri moja kwa moja, na LED inapata draiva ya kupandisha kutoka volti 12. Projekta ya wati 100, ukihesabu na upotevu, inavuta kama wati 125, yaani zaidi ya ampea 10, kwa hiyo usitumie waya mwembamba wa spika. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa takribani saa nne na nusu. Ukitumia LED ya wati 50 unafika saa nane. Kupitia inveta utapoteza zaidi bila sababu.

Boksi la nini?

Plaiwudi au MDF, fundi seremala yeyote atakukatia. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Plastiki na kadibodi ni za majaribio tu.

Ukuta au shuka?

Ukuta laini uliopakwa nyeupe isiyong'aa. Shuka jembamba hupitisha mwanga, labda uliweke mbili mbili na kulivuta likaze.

Naweza kuangalia mchana?

Hapana, na asikudanganye mtu. Baada ya jua kuzama, taa zikizimwa, picha ni nzuri. Mchana hata pazia zito halitoshi.

Sauti?

Toa kwenye kompyuta au king'amuzi, peleka kwenye sabufa.

Kuna hatari gani?

Upande wa volti 230 ndio wa kuogopa. Sapulai (kifaa kinachobadili umeme wa ukutani kuwa wa volti za chini) ikifunguliwa, kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Kama hujazoea, nunua iliyofungwa na usiifungue. Usitazame LED uchi ikiwa imewaka, na wakati wa majaribio watoto wakae nje. Mchana funika lenzi ya mbele: jua likiingia kwa njia hiyo linatua kwenye kioo na kukichoma.

Nianze kununua nini?

Lenzi ya mbele na kioo, kwa pamoja, upime kabla ya kukata ubao. Halafu LED na draiva yake. Fresnel zifuate, kwa sababu ni rahisi kuzibadilisha. Wengi huanza na boksi zuri, kisha lenzi inafika kutoka Dar na fokasi tofauti na waliyoambiwa, na boksi linakuwa la kuwekea viatu.

Nikiipata vizuri, naweza kufungulia kibanda umiza?

Nyumbani na majirani hakuna tatizo. Ukianza kupokea kiingilio ni biashara nyingine: maonyesho ya filamu kwa umma yanasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania, msingi wake ukiwa ile sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, na hakimiliki ni eneo la COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki. Mechi nazo zina mwenye haki ya kuzirusha. Kaulize vibali kabla hujapanga mabenchi. Na kiufundi, watu 40 ndani ya banda la bati watapandisha joto la chumba kuliko projekta yenyewe, kwa hiyo kwa kazi hiyo tumia LED ya wati 50 na picha ndogo, au ongeza feni ya pili ya kuingiza hewa.